Usingizi mzito wa laptopu tano: shajara ya sekretariati yetu, Lubumbashi

Jumatatu, 6 Oktoba

Umeme ulikatika saa tisa na robo alasiri. Laptopu Namba 5 ilikuwa mikononi mwa mdogo wangu, akichapa sura ya tatu ya kazi ya mwisho ya mwanafunzi mmoja, mambo ya maji ya kunywa katika mitaa ya Katuba. Alama ya betri ilionyesha asilimia 23. Akaniambia, "Yaya (ndivyo anavyoniita mimi mkubwa wake), acha nimalize jedwali hili kwanza." Hakumaliza hata mstari. Skrini ikawa nyeusi, feni ikanyamaza.

Programu ya kuchapia huweka nakala ya dharura kila dakika 10, na nakala ya mwisho ilikuwa na umri wa dakika tisa. Kwa mtu anayechapa kwa vidole kumi, dakika tisa ni karibu ukurasa mzima. Mwanafunzi hakugomba. Aliketi kwenye benchi, akafungua daftari lake, akatia kidole kwenye mstari wa kuanzia upya, akangoja. Kungoja kwake kuliniuma kuliko kama angepiga kelele.

Mama mdogo hakumlipisha ukurasa ule. Jioni tulipokuwa tunafunga akaniita: "Mwanangu, watu wanatuachia kazi ya miaka yao yote ya masomo. Tafutia hizi mashini dawa."

Basi naandika. Sekretariati yetu, duka la kuchapa kazi za watu, iko komini ya Kenya hapa Lubumbashi, mwendo mfupi kutoka sokoni: laptopu tano za okazioni (mitumba) zilizotoka Ulaya, printa moja, na grupu (jenereta) ndogo nyuma ya ukuta. Tukiwasha grupu kwa ajili ya mteja mmoja wa kurasa tatu, esansi (petroli) inakula faida yote ya kurasa zile. Na Oktoba ni mwezi mgumu. Umeme wa mji huu unategemea maji: mabwawa ya Nzilo na Nseke kwenye Lualaba, Mwadingusha kwenye Lufira, pamoja na ile laini ndefu ya kilomita 1,700 hivi inayotoka Inga hadi Kolwezi. Mvua haijaanza, mito imeshuka, delestaji, yaani mgao wa umeme, inakuja inavyotaka.

Lengo langu: kazi iliyokuwa wazi umeme ulipokatika ikutwe wazi umeme ukirudi, hata kama ni kesho yake, bila grupu, na bila kutegemea mtu akumbuke kuhifadhi.

Jumanne, 7 Oktoba

Dukani tunasema "zima" kwa mambo matatu tofauti, na hapo ndipo fujo inapoanzia.

La kwanza ni ule usingizi wa kufunga kifuniko. Kila kitu kinabaki ndani ya RAM, kumbukumbu ya muda ya mashini, na RAM ni kama mtoto anayenyonya: lazima ilishwe umeme muda wote, kidogo kidogo. Betri ikiisha, yote yaliyomo yanapotea. La pili, mashini inanakili yaliyomo kwenye RAM, inayaandika yote kwenye diski, kisha inajikatia umeme. Ukiiwasha, inayasoma tena kutoka kwenye diski na kuyarudisha mahali pake, kila dirisha lilipokuwa. La tatu ni kuzima kabisa: programu zinafungwa, mwisho.

Mambo haya yana majina rasmi tangu 1996, Intel, Microsoft na Toshiba walipotoa kanuni za ACPI, za jinsi mashini inavyosimamia umeme wake: S3, S4 na S5. Windows zetu ni za Kifaransa, na kule zinaitwa "Veille" na "Veille prolongée". Jina hilo la pili linapotosha. Anayelisoma anadhani ni usingizi uleule uliorefushwa, kumbe ni kitu kingine kabisa: mmoja unakula betri usiku kucha, mwingine unaiacha betri ipumzike. Nimeandika karatasi na kuibandika ukutani: usingizi mwepesi, usingizi mzito, kuzima. Kuanzia leo dukani tunasema hivyo.

"Veille prolongée" haikuonekana kwenye menyu ya mashini hata moja. Windows 10 huificha. Niliandika `powercfg /a` kwenye dirisha la amri, nikajibiwa kwamba mashini nne zinaiweza, na kwenye Namba 4 imefungwa. Nadhani kuna aliyeifunga zamani ili apate nafasi kwenye diski, kwa sababu lile faili la usingizi, hiberfil.sys, kwa kawaida huchukua asilimia 40 ya ukubwa wa RAM. Kwa RAM ya gigabaiti 8 ni gigabaiti 3 na ushee. Nikaifungua kwa `powercfg /hibernate on`, kisha kwenye mipangilio ya vitufe vya umeme nikatia alama ili ionekane kwenye menyu. Mashini tano, nusu saa.

Jumatano, 8 Oktoba

Kupima afya za betri kwa `powercfg /batteryreport`. Amri hii inaandika ukurasa wenye namba mbili muhimu: uwezo wa betri ilipotoka kiwandani, na uwezo wake leo ikijaa. Namba 1 ina Wh 31 (wati-saa, kipimo cha umeme ambao betri inabeba). Namba 2 na Namba 3, ambazo ni pacha, zina 28 na 29. Namba 4 ina 25. Namba 5 ilizaliwa na Wh 47.5, leo ikijaa pomoni inabeba 14.9.

Kwa hiyo ile asilimia 23 ya Jumatatu ilikuwa asilimia 23 ya theluthi moja ya betri. Mdogo wangu alikuwa anaitazama alama kwa nia njema kabisa. Alama ndiyo iliyomdanganya.

Ijumaa, 10 Oktoba

Jana jioni niliweka jaribio la usiku. Mashini tatu zilizojaa asilimia 100, zimechomolewa chaja, kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa moja asubuhi. Saa 13. Namba 1 usingizi mwepesi, Namba 2 usingizi mzito, Namba 3 nimeizima.

Asubuhi:

Namba 1: asilimia 79.
Namba 2: asilimia 96.
Namba 3: asilimia 96.

Ya Namba 1 nilikuwa naitarajia. Asilimia 21 ya Wh 31 ni Wh 6.5, ukigawanya kwa saa 13 unapata nusu wati. Nusu wati ni kidogo, lakini haichoki. Mashini hiyo ukiiacha Ijumaa jioni, Jumatatu asubuhi unaikuta imekufa na kila ulichokuwa umeacha wazi.

Ya Namba 2 ilinikaa kichwani siku nzima. Usingizi mzito haulishi RAM, kwa nini basi upoteze asilimia 4? Betri ya lithiamu inajivujia yenyewe, lakini hiyo ni asilimia chache kwa mwezi mzima, si kwa usiku mmoja. Nilikaribia kuandika hapa kwamba usingizi mzito nao unakula betri, kama wengi wanavyosema. Kilichonizuia ni Namba 3. Ile nayo ilipoteza 4, na ile ilikuwa imezimwa!

Nikakumbuka jambo moja. Tangu Windows 8, ya mwaka 2012, ukibonyeza "Arrêter" mashini haizimiki kikamilifu: programu zako zinafungwa, lakini kiini cha mfumo kinaandikwa kwenye diski ili kuwasha kuwe haraka. Ni nusu ya usingizi mzito. Kwa hiyo usiku wa leo Namba 3 nitaizima nikiwa nimeshikilia Shift, ambako ni kuzima kwa kweli. Nione.

Jumamosi, 11 Oktoba

Namba 3, imezimwa kikamilifu: tena asilimia 96.

Basi mwizi hayumo kwenye usingizi. Yumo kwenye ubao wa mashini yenyewe. Niliingia kwenye BIOS (mipangilio ya ndani ya mashini) ya Namba 2, nikapita ukurasa baada ya ukurasa, na nikawakuta wawili. Wa kwanza: tundu moja la USB, lile la upande wa kulia lenye rangi ya manjano, limepangwa kutoa umeme hata mashini ikiwa imezimwa, ili mtu achaji simu. Hata kama hakuna simu, kile kifaa cha kutengeneza volti 5 kinabaki macho. Wa pili: kadi ya mtandao wa waya ilikuwa inangoja kuamshwa kutoka mbali. Hapa kwetu hakuna hata waya wa mtandao. Mashini hizi zilikuwa za ofisi huko Ulaya, na huko fundi aliziamsha usiku akiwa mezani kwake. Tabia ile zilikuja nayo.

Nilifunga vyote viwili kwenye mashini zote ambazo BIOS yake inaruhusu, nikaziacha tena usiku wa Jumamosi na Jumapili nzima.

Jumatatu, 13 Oktoba

Namba 2, saa 37 za usingizi mzito: asilimia 100. Nilipoiwasha, alama ikasoma 99 baada ya dakika moja. Barua niliyoiacha wazi ilikuwa palepale.

Nimefurahi sana. Nilimwita mama mdogo aje aione, akaja na mikono yenye unga. Aliitazama skrini, akauliza, "Na betri haikula kitu?" Nikamwambia haikula. Akasema, "Basi hivyo ndivyo ninavyotaka," akarudi kwenye bukari yake.

Sasa swali la pili: je, usingizi mzito ndio bora kila mara? Nilishika saa. Namba 2 yenye SSD (diski isiyozunguka) inachukua sekunde 9 kulala na 14 kuamka. Namba 4 yenye diski ya kuzunguka inachukua sekunde 48 kulala na 71 kuamka, na muda wote huo inafanya kazi kwa nguvu: diski inaandika, prosesa inabana data. Inakula wati 15 hivi. Sekunde 119 kwa wati 15 ni kama nusu Wh. Na nusu Wh ndiyo inayoliwa na usingizi mwepesi kwa saa nzima.

Maana yake, kwenye Namba 4, umeme ukikatika kwa dakika 20 na ukaingia usingizi mzito, umepata hasara. Ukikatika zaidi ya saa moja, umepata faida, na kila saa inayofuata faida inakua. Kwenye Namba 2, kwa wati zilezile 15, mpaka uko karibu sana, kama dakika 12 tu.

Hatujui umeme utarudi lini, kwa hiyo nimechagua njia ya kati: ukifunga kifuniko, mashini inaanza na usingizi mwepesi, na baada ya muda inajipeleka yenyewe kwenye usingizi mzito. Kwa Windows ni `powercfg /change hibernate-timeout-dc 20` kwenye zenye SSD, na 45 kwenye Namba 4 na Namba 5. Kitufe cha kuwasha nimekipanga kiwe cha usingizi mzito moja kwa moja, kwa anayejua kwamba delestaji ya leo ni ndefu.

Mtu ataniuliza kuhusu SSD kuchakaa kwa kuandikwa mara kwa mara. Nilipiga hesabu: gigabaiti 3 kila ikilala, mara mbili kwa siku, ni terabaiti 2 na kidogo kwa mwaka. Diski ndogo za gigabaiti 240 huwa zinavumilia makumi ya terabaiti. Sina wasiwasi.

Jumanne, 14 Oktoba

Leo Microsoft imefikisha mwisho wa msaada wa bure wa Windows 10. Prosesa za mashini zetu hazimo kwenye orodha ya Windows 11. Namba 3 ina RAM ya gigabaiti 4 tu na ndiyo inayolalamikiwa zaidi kwa uzito, kwa hiyo nimeanza nayo: nimeiwekea Debian, mfumo wa bure wa aina ya Linux badala ya Windows, na programu ya kuchapia ya LibreOffice kwa Kifaransa. Mdogo wangu ameijaribu kwa saa moja. Kibodi ameikubali, rangi hazijampendeza.

Alhamisi, 16 Oktoba

Siku mbili zimepotea kwenye Namba 3, na naandika kwa kirefu ili mwenzangu asizipoteze.

Kwenye Linux, RAM inapolala inaandikwa kwenye sehemu ya diski iitwayo swap. Niliona iliyotengenezwa ni ndogo, nikaifuta na kutengeneza nyingine ya gigabaiti 6. Nikaandika `systemctl hibernate`. Mashini ikaandika kwa sekunde kadhaa, ikazima. Kila kitu kizuri. Nikaiwasha: skrini ya kuingia, mpya, hakuna dirisha hata moja. Ililala vizuri ikasahau kuamka.

Nilianza kushuku BIOS, kisha kadi ya skrini. Nikazima hata Secure Boot, kinga inayokagua mfumo mashini inapowaka, na hilo si kosa, maana Secure Boot ikiwa imewashwa, kiini cha Linux kwenye Debian kinakataa usingizi mzito wa kawaida. Lakini ingekuwa ndiyo sababu, mashini ingegoma kulala tangu mwanzo. Yangu ililala.

Jibu lilikuwa kwenye mstari mmoja. Kila sehemu ya swap ina utambulisho wake, UUID, na nilipoitengeneza upya utambulisho ulibadilika. Mashini inapowaka inasoma nakala ya `/etc/initramfs-tools/conf.d/resume` ili ijue ndoto yake imeandikwa wapi, na pale palikuwa na utambulisho wa ile swap niliyoifuta. Ilikwenda kugonga mlango wa nyumba iliyobomolewa, haikukuta mtu, ikaanza maisha mapya. Nikabadilisha UUID pale na kwenye `/etc/fstab`, nikaandika `update-initramfs -u` ili nakala ile ifanywe upya, nikawasha upya, nikalaza, nikaamsha. Dirisha zote tatu zikarudi.

Sasa Namba 3 inatumia `suspend-then-hibernate`, na kwenye `/etc/systemd/sleep.conf` nimeweka `HibernateDelaySec=20min`.

Jumamosi, 18 Oktoba

Siku ya Namba 5. Hii ndiyo sababu ya mradi wote, na nilikuwa naiogopa.

Windows ina ulinzi wake: betri ikifika kiwango cha hatari, mashini inajilaza usingizi mzito yenyewe. Mara nyingi kiwango hicho huja kimewekwa asilimia 5. Kwa betri nzima inatosha. Kwa Namba 5 ni sawa na kungoja gari lililokwisha pita, kwa sababu ile inakufa kwenye 23 na haifiki 5 kamwe.

Nilitaka kuona inavyokufa. Niliiwasha kwa Debian ya kwenye flashi, nikachomoa chaja, nikakaa mbele yake na daftari, nikisoma `voltage_now` (volti ya wakati ule) kila baada ya dakika chache. Betri hii ina seli tatu mfululizo, volti 10.8 za kawaida. Kwenye asilimia 60 nilisoma 11.2. Kwenye 40, 10.7. Kwenye 30, 10.3. Kisha ikaanza kuporomoka: kwenye 26 nikasoma 9.9, kwenye 24 nikasoma 9.4, nikafungua ukurasa mmoja mzito ili prosesa ifanye kazi kidogo, na palepale ikazimika.

Sasa naelewa. Seli zikizeeka, ukinzani wa ndani unapanda. Mashini ikiomba umeme mwingi kwa ghafla, volti inashuka hata kama bado kuna chaji ndani, na saketi ya ulinzi ya betri inakata yote ili seli zisiharibike. Asilimia inahesabu kilichobaki. Haihesabu kama betri ina nguvu ya kukitoa.

Nikaweka kiwango cha hatari asilimia 30:

`powercfg /setdcvalueindex SCHEME_CURRENT SUB_BATTERY BATLEVELCRIT 30`
`powercfg /setdcvalueindex SCHEME_CURRENT SUB_BATTERY BATACTIONCRIT 2`
`powercfg /setactive SCHEME_CURRENT`

Ile 2 maana yake ni usingizi mzito. Nikafungua barua ya majaribio, nikaiacha betri ishuke. Ilipofika 30, skrini ikazimika na taa ya diski ikaanza kuwaka bila kupepesa. Nilihesabu kwa sauti. Mdogo wangu alikuja kusimama nyuma yangu. Kwenye sekunde ya 31 taa zote zikazima kwa pamoja, kimya. Nikachomeka chaja, nikawasha. Windows ikaanza upya kabisa, barua haipo.

Kulala kwenyewe ni kazi. Diski inazunguka, prosesa inabana, na yote hayo yanakuja wakati betri imechoka zaidi kuliko wakati mwingine wowote. Betri lazima ibaki na nguvu za kumaliza kulala.

Nikapandisha hadi 40. Jaribio la kwanza: sekunde 52, ikalala, ikaamka na barua. La pili, nikiwa nimefungua programu nyingi makusudi: sekunde 58, ikaamka. La tatu: ikaamka. Kutoka 100 hadi 40 Namba 5 inatupa kama dakika 38 za kuchapa. Si nyingi, lakini ni za kweli, na mdogo wangu hahitaji tena kuitazama ile alama.

Nyingine nimeziwekea 15, na Namba 4 imepata 20.

Jumatano, 22 Oktoba

Jambo ambalo sikulifikiria, na mteja ndiye aliyelileta. Mama mmoja alikuwa anafanyiwa barua ya kuomba kazi, faili limefunguliwa moja kwa moja kutoka kwenye flashi yake. Umeme ukakatika, Namba 4 ikalazwa. Mama akachomoa flashi akaenda nayo, maana ndani kuna picha za harusi ya mwanawe. Angeihariri flashi ile kwenye mashini nyingine, kisha airudishe kwetu na Namba 4 iamke, Namba 4 ingeendelea kuandika kwa kufuata ramani ya flashi iliyoikumbuka kabla ya kulala. Ramani ya zamani juu ya flashi iliyobadilika: mafaili yanavurugika.

Safari hii hakuna kilichoharibika, kwa sababu flashi ilikuwa haijaguswa kwingine. Lakini kuanzia leo faili la mteja linanakiliwa kwanza kwenye diski, flashi inatolewa kwa utaratibu na kukaa mfukoni mwa mwenyewe. Kazi ikiisha, tunamrudishia faili kwenye flashi yake. Nimeandika sheria hiyo chini ya ile karatasi ya ukutani kwa kalamu nyekundu.

Jumatatu, 27 Oktoba

Namba 1 imekutwa kabatini ina joto, betri asilimia 8. `powercfg /lastwake` ilitaja kifaa cha USB, na `powercfg /devicequery wake_armed` ikaonyesha panya isiyo na waya. Panya na mashini vilikuwa rafu moja. Kila mtu alipofungua kabati, panya ilitikisika na kuamsha mashini kutoka usingizi mwepesi kabla dakika 20 hazijatimia. Nimeiondolea panya ruhusa ya kuamsha. Na mashini ikiingia kabatini sasa inalazwa kwa kitufe, si kwa kifuniko.

Joto nalo. Paa letu ni la mabati, na mwezi huu saa nane mchana huwezi kuegemea ukuta. Betri ya lithiamu huchakaa haraka ikikaa imejaa huku ina joto. Wengi wanashauri kuishia asilimia 80, nami ningekubali kama umeme ungekuwa unakaa. Kwetu asilimia 20 zile ndizo zinazomaliza ukurasa wa mtu. Nitaendelea kujaza, lakini kabati nimelihamishia ukuta wa ndani ambao jua haliupigi.

Jumanne, 4 Novemba

Mvua ya kwanza ya maana ilipiga jana saa nane mchana, na umeme ukaondoka na radi ya pili. Mashini nne zilikuwa na wateja. Tulichomoa chaja zote kwa sababu ya radi na watu wakaendelea kuchapa. Hakuna aliyegusa grupu.

Namba 5 ilifika 40 na kujilaza. Yule mwanafunzi wa maji ya Katuba ndiye aliyekuwa mbele yake, amerudi na sura ya nne, mdogo wangu akimchapia. Skrini ilipozimika alisimama kabisa, akaniangalia. Nikamwambia akae, taa ya diski bado inawaka, inaandika kazi yake. Tukaitazama pamoja mpaka ikazima. Namba 4 ililala baada yake, kisha Namba 1. Namba 2 ilimaliza kurasa zake ikalazwa kwa kitufe. Umeme haukurudi jana.

Leo asubuhi ulikuwepo saa moja na nusu. Niliwasha moja baada ya nyingine. Namba 2 na Namba 1 zilikuja kabla sijaweka maji ya chai. Namba 4 kwa dakika moja na kidogo. Namba 5 ilichukua muda, taa ikiwaka, na mwanafunzi alikuwa amekwisha fika, viatu vina matope mekundu. Kisha ukurasa ukafunguka. Mshale wa kuandikia ulikuwa unapepesa katikati ya neno, baada ya "approvisionne", pale vidole vya mdogo wangu vilipoishia jana. Mdogo wangu akaketi, akaongeza "ment", akaendelea.

Kilichobaki: kutafuta betri nyingine ya Namba 5 kabla ya mwisho wa mwezi, na kuipima kwa volti palepale kwa muuzaji kabla ya kulipa. Kuhamishia Namba 4 kwenye SSD ikipatikana ya bei nzuri. Jioni hii mama mdogo ameomba nimwonyeshe yeye mwenyewe jinsi ya kubonyeza kitufe.